Ngozi ya Ndani na Kipimo cha Siki

(Mazungumzo haya yalisikika redioni Jumapili iliyopita. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikiliza, na kwa wale walioomba wayasome kwa utulivu.)

 Walio ndani ya daladala wamwombe dereva aongeze sauti kidogo.

Leo sina habari za siasa wala za bei ya sukari. Nina barua. Imetoka kwa dada mmoja wa Tandika, na kwa kuwa ameomba jina lake lisitajwe, sitalitaja. Anaeleza kwamba mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka 48, muuza vitumbua, alipimwa saratani ya mlango wa kizazi siku wahudumu wa afya walipofika mtaani kwao. Baada ya kupimwa aliambiwa kwamba seli zimebadilika. Akapewa karatasi na tarehe ya kurudi. Tarehe ile imepita na mama hakurudi. Anasema haumwi popote, anaamka saa kumi alfajiri kuwasha moto wake, ndoo za maji anajibebea mwenyewe, sasa arudi kufuata nini?

Dada yetu anauliza maswali mawili. La kwanza, seli zikibadilika zinakuwa nini? La pili, kwa nini ugonjwa huu unachagua mahali pale, mlangoni, na si kwingine?

Nakiri kwamba nilipoisoma barua hii mara ya kwanza niliona majibu yake ni mafupi. Nilipowauliza wenye taaluma yao, na kufungua vitabu vya baiolojia ambavyo sikuvigusa tangu kidato cha nne, niligundua kwamba huwezi kujibu swali la mlangoni bila kuizunguka nyumba nzima. Kwa hiyo naomba mnivumilie, tuanze mbali kidogo.

Mwili wa binadamu una ngozi ya nje, ambayo kila mtu anaiona na kuipaka mafuta. Lakini una na ngozi ya ndani. Hii inaanzia midomoni, inashuka kooni, inapita tumboni na katika utumbo wote mpaka inapotokea tena upande wa pili. Tawi lake moja linaingia puani na kwenda mapafuni. Jingine limetanda ndani ya kibofu na njia ya mkojo, na kwa mwanamke kuna jingine linaloingia hadi ndani ya kizazi. Ukifikiri vizuri, wali uliokula mchana huu bado haujaingia mwilini mwako. Umo ndani ya bomba linalopita katikati ya mwili, kama bomba kuu la maji linavyopita mbele ya nyumba ambayo haijaunganishiwa. Utaingia mwilini pale tu utakapouvuka ule utando wa ndani.

Utando huo, pamoja na ngozi ya nje, ndio wataalamu wanaouita epithelia. Jina hilo lilianza kutumiwa na Mholanzi mmoja, Frederik Ruysch, bingwa wa kupasua na kuhifadhi maiti, mwanzoni mwa karne ya 18. Aliliunga kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "juu ya" na la pili lenye maana ya "chuchu", kwa sababu alikuwa anaieleza ngozi laini ya mahali hapo. Baadaye jina likachukuliwa na mwili mzima. Ndivyo majina yalivyo. Hata Tandale kwa Mtogole mtogole wenyewe sijauona.

Kuna jambo moja kuhusu utando huu ambalo nataka mlishike tangu sasa. Seli zake zimebanana, bega kwa bega, na kati yake hamna mshipa hata mmoja wa damu. Ndiyo maana ukijikwaruza juu juu tu hutoki damu. Chini ya seli hizo kuna kitandiko chembamba sana ambacho kazi yake ni kama ya sakafu, na kwa kweli wataalamu wanakiita utando wa msingi. Juu ya sakafu ni seli tupu. Chini ya sakafu ndiko iliko mishipa ya damu, na chakula na hewa hupanda kutoka huko kwa kupenya taratibu. Hiyo sakafu naomba muiweke akilini, nitairudia.

Sasa, seli zenyewe zina maumbo matatu. Kuna zilizo bapa, nyembamba kama magamba ya samaki. Kuna za mchemraba, kama dadu za kuchezea ludo. Na kuna za nguzo, ndefu kuliko upana wake, kama tofali lililosimamishwa. Mahali pengine zimepangwa tabaka moja tu, kwingine matabaka mengi. Mpango huo si wa kubahatisha. Mahali pa kupitisha kitu pamewekwa tabaka moja, na mahali pa kusuguliwa pamewekwa matabaka.

Chukua kinywa. Kila siku kinapitisha ugali wa moto, mfupa wa changu, mswaki na pilipili. Kwa hiyo kimefunikwa na matabaka mengi ya seli bapa. Za juu zinakwanguliwa na kumezwa pamoja na chakula, na mpya zinapanda kutoka sakafuni kuchukua nafasi zao. Ngozi ya nje ni hivyo hivyo, isipokuwa zile za juu kabisa zimekufa na kukauka, zikawa ngumu, ili tusinyauke kwa jua. Viganja vya mafundi wa Gerezani na vya wasukuma mikokoteni wa Kariakoo vina sugu kwa sababu sakafu imeagizwa kutoa seli nyingi zaidi pale panapoumizwa. Ngozi yote hiyo ya juu unaivua na kuvaa nyingine kwa muda wa mwezi mmoja na kitu hivi, bila ya wewe kujua.

Kinyume chake ni mapafu. Ndani kabisa, kwenye vifuko vidogo vidogo vya hewa, kuna tabaka moja tu la seli bapa, jembamba ajabu, ili hewa ivuke haraka kuingia katika damu. Ukiutandaza utando huo wa mapafu yote mawili utapata kama mita 70 za mraba. Wale waliokulia Manzese au Temeke watanielewa nikisema kwamba hicho ni kiasi cha vyumba sita vya futi kumi kwa kumi na mbili, yaani vyumba vyote vya nyumba moja ya Kiswahili, vimekunjwa ndani ya kifua cha mtu mmoja.

Kabla hewa haijafika huko inapita katika koromeo, na hapo kuna aina ya utando ambayo iliwasumbua sana wataalamu wa hadubini. Seli zake ni za nguzo, na ukizitazama utaapa kwamba zimepangwa matabaka matabaka. Kumbe kila moja imekanyaga sakafu. Ni kama abiria waliosimama kwenye daladala ya Gongo la Mboto saa kumi na mbili jioni: vichwa viko juu na chini, lakini miguu yote imefika sakafuni, hata kama ni kwa kidole kimoja. Juu ya seli hizo kuna vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopepea pamoja kuelekea juu kama fagio, vikisukuma makohozi pamoja na vumbi lililonaswa humo. Yale makohozi meusi anayotema mtu asubuhi baada ya kushinda kwenye moshi wa jikoni ni kazi ya fagio hizo.

Na hapa ndipo tunapokutana kwa mara ya kwanza na neno la barua yetu. Mtu akivuta sigara miaka na miaka, seli zile za nguzo zenye fagio zinachoka. Sakafu inaacha kuzitoa, na badala yake inatoa matabaka ya seli bapa, kama za kinywani. Seli zimebadilika. Mwili umefanya busara ya aina yake, maana seli bapa ni ngumu, zinastahimili moshi. Lakini hazina fagio. Makohozi yanabaki pale pale, ndiyo hicho kikohozi cha wavutaji. Mtu akiacha sigara mapema, mambo huweza kurejea. Asipoacha, baadhi ya seli hizo zilizobadilishwa kazi hufika mahali zikaacha kusikia amri, na saratani ya mapafu ya aina moja huanzia hapo.

Kubadilika kwa namna hiyo, kwa hiyo, bado si saratani. Ni utando wa mahali fulani kuacha umbile lake na kuvaa la mahali pengine kwa sababu ya kusumbuliwa. Tuendelee na nyumba yetu.

Utumbo umefunikwa na tabaka moja la seli za nguzo, kwa sababu kazi yake ni kuchagua kipi kipite na kipi kisipite. Hakuna mahali ambapo wakazi wa jiji hili wamejifunza kwa uchungu maana ya tabaka hilo moja kama wakati wa kipindupindu. Mwezi Agosti 2015 ugonjwa huo ulizuka Dar es Salaam, ukianzia Kinondoni, ukaenea katika mikoa mingi, na ndani ya mwaka mmoja wagonjwa wakawa wamezidi 20,000. Wengi wetu tulidhani kwamba mdudu wa kipindupindu anautoboa utumbo. Hautoboi. Anakaa juu ya zile seli na kumwaga sumu inayoingia ndani yake na kutoa amri ya uongo: mwaga chumvi, mwaga maji. Seli iko hai, haina jeraha, inatii tu. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Lakini katika seli hiyo hiyo kuna mlango mwingine ambao sumu haiufungi, mlango unaoingiza sukari na chumvi zikiwa pamoja, na maji hufuata nyuma yake. Huo ndio msingi wa yale maji ya chumvi na sukari tuliyofundishwa kliniki: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, pale ambapo pakiti ya dawa haipatikani. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi mpakani mwa India na Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kuwatundikia wagonjwa wa kipindupindu, akawapa maelfu ya watu maji hayo wanywe, na wengi mno wakapona. Sukari peke yake haitoshi, na chumvi peke yake haitoshi. Mlango ule unataka zote mbili. Aidha, seli za utumbo zina maisha mafupi kuliko karibu zote nilizozitaja, siku tatu hadi tano, kisha zinadondoka na kubadilishwa. Mgonjwa akivushwa siku zile chache kwa kunyweshwa, utando mpya unakuwa umekwishaingia kazini.

Figo nitapita haraka. Mirija yake midogo imejengwa kwa seli za mchemraba, zinazochuja na kurudisha kile ambacho mwili bado unakihitaji. Ni kazi nzito, lakini haituhusu sana leo. Linalotuhusu ni mkojo unakokwenda, yaani kibofu.

Kibofu kina utando wa peke yake. Unapokwenda haja ndogo kinanywea, na kikijaa kinatanuka, kwa hiyo seli zake zimepewa uwezo wa kunyumbuka. Kikiwa kitupu ni nene, mviringo, zimerundikana matabaka kadhaa. Kikijaa zinajitandaza na kuwa bapa, bila ya kuachia tone lipite. Mpira wa baiskeli hauwezi kazi hiyo kwa miaka sabini.

Sisi watu wa pwani kibofu kina adui wake, kichocho. Nilikokulia, mvulana akikojoa damu baada ya kuogelea bwawani wenzake walimcheka, wakubwa wakasema anakua. Hakuwa anakua. Minyoo ya kichocho hutaga mayai kwenye mishipa ya kibofu, na mayai hayo yana mwiba. Mengine yanatoka na mkojo pamoja na damu, mengine yananasa ukutani na kubaki hapo yakiuwasha ule utando mwaka hadi mwaka. Na utando unafanya kile kile ulichofanya katika koromeo la mvutaji. Unaacha umbile lake la kunyumbuka na kuvaa seli bapa. Katika nchi zisizo na kichocho, saratani nyingi za kibofu huanzia katika zile seli zinazonyumbuka. Kwenye kichocho kingi, huanzia mara nyingi katika seli bapa, ambazo kwa asili hazikutakiwa kuwepo pale. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kichocho cha aina hii katika orodha ya mambo yanayosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo mzazi anayemzuia mwanawe asinywe vidonge vya kichocho shuleni, kwa kuogopa kichefuchefu cha siku moja, afikirie pia kibofu cha mtu mzima wa miaka hamsini.

Sasa tumefika mlangoni, dada yetu wa Tandika.

Mlango wa kizazi ni ile shingo ya mfuko wa uzazi inayochomoza ndani ya uke. Kwa nje, upande wa uke, umefunikwa na matabaka mengi ya seli bapa, kama kinywa, kwa sababu ni mahali pa kusuguliwa. Kwa ndani, katika kile kijia kinachoelekea kwenye kizazi, kuna tabaka moja la seli za nguzo, zinazotoa ute. Aina hizo mbili zinakutana mahali pamoja, kwenye mshono. Wenye magari wanajua kwamba barabara haianzi kumeguka katikati ya lami. Inaanzia pale lami inapoishia na vumbi linapoanza.

Tena mshono huo hautulii. Msichana anapobalehe, mlango unatanuka na zile seli laini za ndani zinajitokeza nje kidogo. Huko zinakutana na uchachu wa asili wa uke ambao hazikuuzoea. Taratibu, kwa miaka, sakafu ya mahali hapo inazibadilisha kuwa seli bapa. Hilo ni jambo la kawaida, linamtokea kila mwanamke, si ugonjwa wala si dalili ya tabia mbaya. Lakini ina maana kwamba kwa miaka mingi kuna ukanda mwembamba kuzunguka mshono ambao uko katika ujenzi: seli changa, zinazogawanyika, zisizofunikwa vizuri.

Katika ukanda huo ndimo kinamoingia kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana, na ni cha kawaida mno. Wengi wa wanaume na wanawake waliowahi kujamiiana hukipata wakati fulani wa maisha yao, hata kwa mwenzi mmoja tu wa ndoa, na kwa wengi mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1980 kwamba kirusi hiki ndicho chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Ziko aina nyingi, ila mbili tu, ya 16 na ya 18, zinahusika na kama asilimia 70 ya saratani hizo. Kirusi kikigoma kuondoka, kinazishika seli changa za mshononi na kuzilazimisha kuzaana ovyo. Basi jibu la swali la pili ndilo hilo: ni pale kwa sababu pale pana mshono, na mshono uko katika ujenzi.

Na jibu la kwanza? Seli zikibadilika kwa namna hii zinakuwa seli zisizokomaa, zisizofuata mpangilio wa matabaka. Lakini, na hapa ndipo naomba tuikumbuke sakafu, bado ziko juu ya sakafu. Huko juu hakuna mshipa wa damu wa kuzisafirisha kwenda kwingine. Zimefungiwa. Kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 20 kabla ya kuitoboa sakafu. Kwa mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye hapati matibabu inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Katika muda wote huo haumwi, hatoki damu, ndoo anabeba. Mama yako hasemi uongo. Ni kwamba maumivu na damu huja baada ya sakafu kutobolewa, si kabla.

Kipimo chenyewe ni cha ajabu kwa urahisi wake. Muuguzi anapaka mlangoni asidi ya siki iliyopimwa nguvu yake, asilimia 3 hadi 5, jamii moja na siki ya kwenye chipsi, kisha anasubiri kama dakika moja na kutazama kwa macho. Mahali penye seli zilizobanana ovyo panageuka kuwa peupe. Bibi zetu wa pwani wanalijua jambo hili bila ya maabara: kamulia ndimu kwenye samaki mbichi, nyama yake itageuka nyeupe. Utomvu wa seli unagandishwa na uchachu, na kadiri seli zilivyorundikana ndivyo weupe unavyozidi. Kweli, si kila doa jeupe ni saratani inayokuja. Mengine ni uvimbe wa kawaida. Lakini tofauti hiyo haijulikani kwa kukaa nyumbani.

Doa likithibitika kuwa dogo, hutibiwa papo hapo au siku chache baadaye. Chuma kidogo chenye ubaridi mkali wa gesi, au chenye joto, hugusishwa pale kwa dakika chache, seli zile zinakufa, na nyingine mpya zinakua kutoka pembeni. Mama harudi nyumbani kwa machela. Anapanda daladala.

Nitawaeleza kwa nini nalishikilia jambo hili. Mama yangu mdogo alianza kutokwa na damu kidogo kidogo wakati ambapo kwa umri wake hakutakiwa. Akaambiwa na wenzake kwamba ni chango, akanywa mizizi. Zahanati moja, sitaitaja, ikampa dawa za maambukizo mara tatu mfululizo bila hata mara moja kumpandisha kitandani na kumtazama. Miaka miwili ikapita hivyo. Siku tulipofika naye Ocean Road, ile hospitali ya pembezoni mwa bahari iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, tukakaa kwenye benchi pamoja na akina mama wengine, kila mmoja na mfuko wake wa nailoni na kanga ya ziada. Sikuhitaji daktari anieleze kwamba wengi wetu pale tulikuwa tumechelewa. Sakafu ilikuwa imekwishatobolewa zamani. Alipigwa mionzi, akahudumiwa vizuri, tukamzika baada ya miezi saba.

Ocean Road ilifanywa kuwa taasisi ya saratani inayojitegemea kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, na kwa miaka mingi ndipo mahali pekee nchini palipokuwa na tiba ya mionzi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 wa Tanzania hupata saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,000 hufa kwayo. Ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wetu. Nami nauliza, ni ugonjwa gani mwingine unaotupa miaka kumi ya kujiandaa, tena kwa kipimo cha siki, na bado unatushinda?

Sehemu ya jibu ni aibu, na sehemu ni uvumi. Mwezi Aprili 2018 Serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchini kote dhidi ya HPV, na mwaka 2024 ikawafikia wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Mitaani kukazuka maneno kwamba chanjo inafunga kizazi. Sindano hiyo haigusi kizazi. Inaufundisha mwili kukitambua kirusi na kukizuia kisiingie katika seli. Wanachanjwa wakiwa wadogo kwa sababu moja tu: ili kinga iwe imefika kabla kirusi hakijafika kwenye ule mshono. Akina baba wanaoizuia, nasikitika kusema, baadhi yao ndio wanaokileta kirusi chenyewe nyumbani.

Kwa mwanamke wa rika la mama yako chanjo si jambo la kutegemea tena. Yeye ni wa kipimo. Huduma hii hulengwa zaidi kwa wenye miaka 30 hadi 50, na walio na virusi vya UKIMWI huanza mapema zaidi. Hivyo mama mwenye miaka 48 yumo kabisa, na ameshavuka nusu ya safari kwa kukubali kupimwa mara ya kwanza, jambo ambalo majirani zake wengi hawajalifanya.

Mwambie aichukue ile karatasi, hata kama tarehe imepita na imelowa mafuta ya vitumbua. Kama ameipoteza, aende hivyo hivyo, katika kituo alichoelekezwa au katika hospitali ya Temeke, ambayo kwa Tandika ni ya jirani, aseme tu kwamba alipimwa kwa siki akaambiwa arudi. Anaweza kuomba ahudumiwe na muuguzi wa kike. Aulize doa liko wapi na ni kubwa kiasi gani, kama linaweza kutibiwa siku hiyo hiyo, na arudi lini kuangaliwa tena. Asiondoke mpaka ajibiwe. Wewe mwenyewe nenda naye, shika foleni, na siku hiyo wateja wa vitumbua watakula mihogo.

Barua zenu ninazipokea kama kawaida. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutajibu swali la mzee wa Kigogo kuhusu figo, zile nilizozipita haraka leo.